Kigari cha Viti Viwili

Wazazi wenzangu, sogeeni tusikilizane. Haya yalitokea Mombasa, kwenye Mji wa Kale, katika miaka ya tisini, na walioyaona kwa macho yao hadi leo hushusha sauti wanapoyataja. Ni mambo ya nyumba moja tu. Lakini mnajua nyumba za kule zilivyoshikana kuta. Kilichomo ndani ya moja hakiko mbali na nyingine.

Asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, Kasam muuza vitambaa alikuwa ameketi barazani kwake akinywa chai ya maziwa yenye iliki. Mwanawe Arsalan, mvulana wa miaka miwili mwenye nywele za mawimbi, alikuwa mapajani mwake akichovya kipande cha mkate katika kikombe cha babake. Kichochoro kilikuwa kimefagiwa na kunyunyizwa maji. Njiwa walitembea chini bila hofu. Hapakuwa na mtu aliyepita bila kumshika Arsalan shavu, na kila aliyemshika, Kasam alijisikia kama aliyeshikwa yeye.

Bi Mwanatumu, jirani wa ukuta mmoja, alitoka kwake na kikapu.

"Sabalkheri, Baba Arsalan."

"Akheri, Bi Mwanatumu. Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi. Na yule pacha wake, aliye Malindi kwa jamaa za nyanyake, hajambo?"

"Hajambo sana," alijibu Kasam, akashusha macho kwenye kikombe.

Wakati huohuo, juu ghorofani, sauti ilitoka. Haikuwa kilio wala maneno. Ilikuwa mvumo mrefu, laini, unaopanda na kushuka, kama mtu anayemwimbia mwenzake kwa midomo iliyofungwa. Kasam alikohoa kwa nguvu kuufunika. Alichelewa.

"Waisikia?" Bi Mwanatumu alinong'ona, akashika buibui lake kifuani. "Ndiyo hiyo. Ukuta wangu waimba, baba. Waimba tangu mfungo sita, mwezi wa maulidi. Nimefukiza ubani, nimesoma na kusoma, wala haukomi. Mna jini nyumba hiyo, nawaambia."

"Njiwa hao, Bi Mwanatumu. Wamejaa darini."

Bi Mwanatumu alitazama njiwa waliokuwa kichochoroni, akamtazama Kasam, akaenda zake sokoni.

Hakuwa njiwa, wala hakuwa jini. Alikuwa Mehrun, binti wa Kasam, pacha wa Arsalan.

Pacha wale walizaliwa Malindi, nyumbani kwa mama mzazi wa Nishat, mkewe Kasam, kama ilivyo desturi ya uzazi wa kwanza. Arsalan alitoka mzima akipiga kelele. Mehrun alitoka akiwa dhaifu, akashikwa na manjano kali, na homa ilipomwachia, mwili wake ulikuwa haumtii. Shingo ililegea, mikono ilijikunja, miguu ilikaza kama mbao. Daktari aliyemwona alisema hatatembea, hatageuka mwenyewe kitandani, na huenda asijue hata mamake ni nani. Nyanyake akasema, niachieni mimi. Basi Arsalan akarudi Mombasa na wazazi wake, na Mehrun akabaki.

Nyanya alipofariki, ilibidi Mehrun aletwe nyumbani. Kasam alimfunika kwa shali kutoka kichwa hadi miguu, akampitisha kichochoro cha nyuma, kile chembamba ambacho hakina baraza hata moja, akampandisha moja kwa moja chumba cha nyuma ghorofani, ambacho mlango wake ulitazama uwazi wa kuanikia nguo. Hakumwambia jirani. Mtu akiuliza, pacha wa pili yuko Malindi bado, kwa jamaa za nyanyake.

Kwa nini? Kasam hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa kuogopa macho. Aliogopa wateja waseme ana laana. Aliogopa pia dada yake mkubwa, Khatoon, aliyekuwa Nairobi, ambaye binti yake alikuwa katika mazungumzo ya posa. "Wakijua kuna mtoto kama huyo kwetu," Khatoon alimwambia kwa simu, "watasema damu yetu ina kasoro. Mfiche hadi harusi ipite." Na Kasam akaona ni rahisi. Ndugu zangu, kufungua mlango ule baada ya kuuzoea umefungwa ndiko kugumu.

Aliyemlea Mehrun mle chumbani ni Nishat, pamoja na Mbodze, mwanamke wa kutoka Kaloleni aliyekuwa akisaidia kazi za nyumbani. Kasam alikuwa akiingia mara chache, akisimama karibu na mlango kama mgeni. Siku moja Mbodze alimtoa Mehrun akaja naye sebuleni, kumbe Kasam ana wageni ngazini. Siku ile Kasam alimkemea Mbodze mpaka mwanamke wa watu akalia.

Arsalan alipoanza kuchoka kutembea kwenda Makadara na kutaka kubebwa kila hatua, Kasam alisema watafute kigari cha kumsukuma. Nishat aliidaka fursa ile.

"Tununue cha viti viwili," alisema. "Mehrun hajawahi kuona mbingu tangu aje, Kasam. Anaona dari tu."

"Ataona nini? Hajui kitu yule."

"Anajua. Ukiingia ngazini ananyamaza. Ukitoka anaimba tena. Hilo hulioni?"

Kasam akainuka kwenda dukani kwake. Lakini Jumamosi walitoka pamoja, wao wawili na Arsalan, hadi Makadara kwenye duka la Mama Zilpah, mwanamke wa Rabai mwenye mwili na kicheko, aliyeuza vitu vya watoto vilivyokuja kwa meli, vipya na vilivyotumika. Vigari vilikuwa vimejaa hadi barabarani. Nishat alisimama mbele ya vile vigari. Hakujua duniani watu wametengeneza vitu namna ile: viti vinavyolala na kuinuka, mikanda ya kumshika mtoto kifuani, vivuli vya kukunjua, magurudumu yanayogeuka kwa kidole.

"Mnatafuta cha namna gani, mama?"

"Cha wawili," alisema Nishat upesi.

Mama Zilpah akavuta viwili mbele. "Sikiliza nikwambie ukweli, maana sipendi mtu arudi akinilaumu. Hiki, kiti kimoja mbele na kimoja nyuma, ni chembamba, kinapita popote. Ubaya wake, wa nyuma haoni kitu ila kisogo cha mwenzake. Na hiki cha ubavu kwa ubavu, wote wanaona sawa. Watashikana mikono, watapigana, watacheka. Ila ni kipana. Mkikaa Mji wa Kale pimeni njia zenu kwanza." Akamtazama Arsalan mikononi mwa babake, akamtafuta mwingine kwa macho. "Kwani mna watoto wangapi?"

Nishat alifungua mdomo.

"Mmoja," alisema Kasam. "Huyu tu. Mke wangu anapenda kuangalia. Nipe kile cha kiti kimoja, kile cha buluu."

Mama Zilpah aliona uso wa Nishat, akaacha kucheka. Akaenda kukifuta vumbi kigari cha buluu bila kuuliza zaidi.

Njiani, penye muuza sharubati, Nishat alisimama. Hakuinua sauti.

"Leo umemzika mtoto akiwa hai, Kasam," alisema. Kisha akatangulia nyumbani.

Mfungo wa Ramadhani ukaingia, ukapita. Siku ya Idi, Mji wa Kale ulinukia udi na mandazi tangu alfajiri. Khatoon alikuwa amekuja na watu wa upande wa mchumba, wamefikia hotelini, na walikuwa wamepanga kukutana wote viwanja vya Makadara baada ya sala, halafu wapitie nyumbani kwa Kasam. Nishat alimvisha Mehrun gauni la kijani, akampaka wanja, akamlaza kwenye godoro lake.

"Mbodze atakuja saa ngapi?" aliuliza. "Sitaki kutoka kabla hajafika."

"Yuko njiani," alisema Kasam. "Tangulia na Arsalan, nitamngoja nimpe ufunguo. Usiwaweke watu wa Khatoon juani."

Nishat akamwamini, akatoka akisukuma kigari cha buluu.

Mbodze hakuwa njiani. Kasam alikuwa amempa ruhusa ya kwenda kwao tangu jana yake, na kumwambia asirudi mpaka sikukuu iishe. Hakutaka mtu wa kumtoa Mehrun chumbani wageni wakija. Alijiambia mtoto atalala tu. Yeye si wa kutembea, ataenda wapi? Sebuleni kulikuwa na chetezo kinafuka juu ya meza. Alikichukua akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha, chini ya pazia, ili moshi wa udi utoke nje ukawapokee wageni. Kisha akaenda chumba cha nyuma. Mehrun alikuwa macho. Yale macho yake makubwa yenye wanja yalimfuata kutoka mlangoni hadi dirishani, alipokwenda kulifunga, na kurudi mlangoni. Kasam akageuza uso. Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni mwa kanzu.

Viwanja vya Makadara vilifurika. Bembea ziliruka, watoto walipaka midomo rangi kwa ubuyu, kachori zilichemka karaini. Khatoon alimsifu Arsalan mbele ya wakwe watarajiwa, akasifu na kigari. Mama wa mchumba alisema, "Mashallah, mtoto kama mwezi." Kasam alisimama amenyooka katika kanzu yake mpya. Kwa muda ule mfupi kila kitu kilikuwa kama alivyotaka kionekane.

Halafu mtu akapiga kelele akionyesha upande wa Mji wa Kale. Moshi mweusi ulikuwa umesimama juu ya mapaa.

"Moto! Kwa Kasam wa vitambaa!"

Nishat aligeuka. "Mbodze alifika?"

Kasam alikuwa akiutazama moshi.

"Kasam, nakuuliza. Mbodze alifika?"

"Sikumwita," alisema.

Nishat hakulia wala hakumtukana. Alivua viatu vyake vya kisigino, akaviacha palepale mchangani, akakimbia. Kasam akamfuata. Khatoon akabaki ameshika kigari cha Arsalan, na wakwe wakiulizana kuna nini.

Walipofika, kichochoro kilikuwa kimejaa watu wa msikitini na nguo zao za Idi, wakipokezana ndoo za maji kutoka birika la msikiti. Ndimi za moto zilitoka dirisha la sebule. Bi Mwanatumu aliwaona, akawajia kwa mikono miwili.

"Poleni, wanangu! Mshukuruni Mola, mali hutafutwa. Bora nyote mko nje, hakuna mtu ndani."

"Mehrun yumo!" Nishat alipiga ukelele.

"Mehrun? Si yuko Malindi?"

"Yumo chumba cha nyuma! Yumo siku zote!"

Ndoo zikasimama mikononi. Watu wote wakamtazama Kasam. Na Kasam, aliyekimbia macho ya watu miaka miwili, hakuyaona hata kidogo. Aliona jambo moja tu: kwamba majirani hawa wema, waliotoka na sikukuu yao kuokoa nyumba yake, wangepigana na moto mpaka wa mwisho, kisha wangerudi makwao wakishukuru, na asiwepo hata mmoja wa kumtafuta mwanawe. Yeye ndiye aliyehakikisha hivyo.

Bi Mwanatumu alikuwa ameshika kichwa. "Basi si jini," alisema. "Ya Rabbi, si jini! Ukuta wangu wagonga tangu moshi uanze. Du, du, du. Nami nikasema ni hao majini wakimbia moto." Akageukia mlango wake. "Na sasa umenyamaza."

Akamkamata Kasam mkono, akamvuta ndani ya nyumba yake. "Pita kwangu! Juu, pa kuanikia nguo!"

Kasam hakukumbuka baadaye jinsi alivyopanda zile ngazi. Alitokea juu penye uwazi, akaruka ukuta mfupi uliotenganisha nyumba mbili, akaangukia upande wake, mbele ya mlango wa chumba cha nyuma. Moshi ulikuwa ukitoka katika matundu ya juu ya ukuta. Aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulimponyoka mara mbili kabla ya kuingia tunduni. Aliuzungusha, akasukuma.

Mlango haukufunguka. Kitu kiliuzuia kwa ndani, kitu laini.

Alipiga magoti. Chini ya mlango palikuwa na mwanya, upana wa vidole. Aliweka mkono pale, na kitu kikampulizia vidoleni. Pumzi. Kisha kidole chake kikashikwa.

Ndugu zangu, mtu anaweza kuishi umri mrefu, akaswali, akafunga, akahudhuria maziko na harusi, na asijue ukuu wa Muumba kama Kasam alivyoujua pale alipopiga magoti, kanzu imechanika, kidole chake kimeshikwa na mkono ambao daktari alisema hautashika kitu. Godoro lilikuwa upande wa pili wa chumba. Yule mtoto aliyeambiwa hatageuka alikuwa amegeuka. Alipiga ukuta kwa visigino vyake akiwaita watu, na watu wasipokuja akateremka kwenye godoro, akajiburuta sakafuni, akaufuata upepo mpaka akaupata, akaweka mdomo wake penye mwanya akavuta hewa ya nje. Asiyejua kitu alijua hayo yote.

"Mehrun," alisema Kasam. Ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tangu aje Mombasa. "Mehrun, beta, mwanangu, nipishe kidogo. Nipishe babako."

Sitawaambia alielewa maneno, kwa maana hakuna ajuaye. Lakini kidole kiliachiwa, na ule uzito mlangoni ukasogea. Kasam akasukuma taratibu, kwa bega, mpaka akapata nafasi ya kuingiza mkono, kisha kichwa, akamtoa.

Alisimama naye pale juu. Mapaa yote ya jirani yalikuwa yamejaa watu, wanaume kwa kofia, wanawake kwa madira, watoto na pipi zao. Walimwona mtoto wa gauni la kijani, uso mweusi kwa masizi, akikohoa. Kisha kikohozi kikapungua. Mehrun akalaza shingo yake legevu kwenye mkono wa babake, akaiona mbingu. Akatulia. Halafu akaanza ule mvumo wake, umekwaruzwa na moshi, mdogo, lakini kila mtu aliusikia.

"Huyu ni mwanangu!" Kasam alisema kwa sauti iliyovunjika. "Anaitwa Mehrun. Alikuwa humu siku zote. Nilimfungia mimi!"

Kisha mzee mmoja upande wa msikiti akaanza takbira ya Idi, ile ile iliyosomwa asubuhi, wengine wakaipokea, ikazunguka kutoka paa hadi paa, na waliosema baadaye walisema hawajawahi kuisikia hivyo. Bi Mwanatumu, aliyekuwa amepanda nyuma yake, alivua leso yake akamfunika Mehrun.

"Kumbe ni wewe, mwanangu," alimwambia akilia. "Ni wewe uliyekuwa ukiniimbia. Nami nakufukuza kwa ubani."

Moto ulizimwa kabla haujavuka ukuta. Sebule iliteketea, na chumba cha nyuma kilijaa moshi mpaka darini. Wazimamoto walisema mtu mzima aliyesimama mle asingetoka. Mehrun alilazwa hospitali siku kadhaa. Kifua chake hakikupona sawasawa tena. Msimu wa upepo wa kusi ukija hukohoa mpaka leo. Haya yasisahauliwe. Kuokoka kwake kulikuwa na gharama.

Nje ya wodi Nishat alimwambia mumewe, "Ulinitazama usoni ukasema Mbodze yuko njiani."

"Nilisema."

"Sirudi kwenye nyumba yenye ufunguo wa chumba kile."

Kasam aliutoa mfukoni akampa. Nishat hakuupokea. Basi akaenda kumwita fundi, wakaung'oa mlango wote, na chumba kile hakikutiwa mlango tena, bali pazia. Alimwendea Mbodze hadi Kaloleni kumwomba radhi mbele ya nduguze. Posa ya binti wa Khatoon ilivunjika, naam, kama walivyohofia, na Khatoon akaacha kumpigia Kasam simu kwa muda mrefu. Binti mwenyewe aliolewa mwaka uliofuata na mtu mwingine, akasema ni heri alijua mapema wale wa posa ya kwanza ni watu gani. Nishat alirudi nyumbani, lakini ilimchukua muda kabla ya kumwamini mumewe hata akisema anaenda dukani.

Hospitali ilipowaruhusu, kabla hata rangi ya sebule haijapakwa, Kasam alionekana akitambaa vichochoroni na ile futi yake ya kupimia vitambaa. Alipima kichochoro cha mbele, akapima cha nyuma, akapima pembe ya msikiti. Watu wakadhani moshi umempanda kichwani. Kisha akamwambia Nishat wajitayarishe, akambeba Mehrun mwenyewe, uso wazi, bila shali, wakaenda Makadara.

Mama Zilpah aliwakumbuka.

"Siku ile nilikudanganya, mama," alisema Kasam. "Ninao wawili. Huyu anaitwa Mehrun."

Mama Zilpah alimshika Mehrun mkono uliojikunja, akaukunjua kidole kimoja kimoja, kama mtu anayefungua kitu cha thamani. "Karibu, mama mdogo. Tukutafutie kiti." Akavuta kile chembamba. "Hiki kitawafaa njia zenu. Unaweza kumweka yeye nyuma, analala vizuri, wala jua halimpigi."

"Na nyuma ataona kisogo cha Arsalan," alisema Kasam. "Ulisema mwenyewe. Nataka kile kipana."

Nishat alimtazama. "Kile hakipiti kichochoro cha nyuma."

"Hakipiti. Nimepima."

"Basi tutapita wapi?"

"Mbele. Barazani kwa watu wote."

Nishat aliinama upande wa pili wa kigari, akaanza kufungua mikanda pamoja naye. Mama Zilpah alizungusha leso na kuiviringa, wakaizungushia shingo ya Mehrun ili kichwa kisianguke. Wakalaza kiti kidogo, wakakiinua, wakakilaza tena, mpaka wote watatu wakakubaliana. Arsalan akakalishwa ubavuni. Alimwangalia dada yake, akamwekea mdomoni biskuti aliyokwisha kuitafuna nusu. Mehrun akaitema, akacheka. Walikuwa hawajawahi kumsikia akicheka, na Mama Zilpah, ambaye aliona watoto kila siku ya maisha yake, aligeukia rafu zake akajifuta macho.

Walirudi Mji wa Kale baada ya alasiri, saa ambayo mabaraza yamejaa. Kigari kilikula njia nzima. Waliokuwa wamekaa walivuta miguu, mwenye baiskeli akairudisha nyuma, muuza kahawa akasimama ukutani na birika lake akaacha kugonganisha vikombe. Kasam alisukuma. Jasho lilimtoka, macho yote yalikuwa juu yake, na hakutamani kuwa mahali pengine. Mehrun aliimba. Kila alipopita, watu walinyamaza, si kwa chuki wala kwa huruma. Walinyamaza kama mtu anavyonyamaza penye jambo kubwa kuliko yeye.

Karibu na nyumba ya mwisho kabla ya kwao, mlango uliokuwa umefungwa siku zote ulifunguka. Mwanamke mmoja alitoka, mtu wa heshima zake, ambaye Kasam alimjua miaka mingi kama mjane asiye na mtoto. Mgongoni alikuwa amembeba mvulana mkubwa, miguu yake mirefu ikining'inia karibu ifike chini, uso wake mweupe kwa kutoona jua, amefumba macho kwa mwanga. Kichochoro kizima hakuna aliyewahi kumwona.

Mwanamke alikitazama kigari.

"Baba Arsalan," alisema, "viti hivi hupatikana wapi?"

MAFUNZO

Enyi wazazi, na enyi majirani, mtoto mwenye ulemavu si aibu, si laana, wala si siri. Mnapomficha, mnafikiri mnailinda heshima ya nyumba. Kwa kweli mnamwondoa mtoto katika hesabu ya watu, na siku ya shida hakuna atakayejua kwamba yuko wa kuokolewa. Msiseme hajui kitu. Hamjui anachokijua. Mtoeni nje aone mbingu, ajulikane kwa jina lake, na awekwe mahali ambapo ataona sawa na nduguye. Na nyinyi mnaokaa barazani, macho yenu yasiwe kitu cha kumwogopesha mzazi. Mkisikia sauti ndani ya ukuta, msikimbilie ubani. Bisheni hodi.